Mreno, Mholanzi na Mama Mwenye Kisiwa

Nilipopangiwa kufundisha Kimuli, vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini sabuni ilikuwa bado haijarudi madukani. Nilifika na sanduku la bati, godoro la sponji lililofungwa kwa kamba ya mgomba, na cheti cha ualimu nilichokuwa nakitazama kila asubuhi kuhakikisha kwamba jina ni langu. Kwetu ni Igurwa, kwa hiyo sikuwa mgeni sana. Ndizi ni zile zile, kahawa ni ile ile, na Kinyambo cha Kimuli kilitofautiana na cha kwetu kwa vineno vichache vya kuchekana tu.

Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri nilifundisha wazazi wao, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Darasa la kisomo lilikutana kwenye banda la kijiji la kukusanyia kahawa. Ubao tulikuwa nao, chaki hatukuwa nayo, basi niliandika kwa vipande vya muhogo mkavu ambavyo kuku waliviwinda nikigeuza mgongo. Kabla ya somo ilinibidi niwaamkie wanafunzi wangu mmoja mmoja, maana nilikuwa msichana na hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na umri wa kunizaa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo babu." Wakiitikia, nikishafika ubaoni, wanasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu." Nami naitikia marahaba kwa sauti ya chini nikitazama sakafu. Sikuwahi kuizoea marahaba ile.

Kusoma na kuandika walikwisha kujua. Tulikuwa na kijitabu kimoja cha kilimo bora cha kahawa, tumekisoma na kukirudia hadi wengine wakawa wanakisoma macho yakitazama nje. Siku moja katekista alinyoosha mkono.

"Mwalimu, waitu," akasema kwa neno letu la heshima, "kahawa tumeipalilia tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Tufundishe kitu tusichokijua."

"Kama nini, baba?"

"Chochote. Mambo ya mbali."

Wenzake wakaguna kumuunga mkono. Nilikwenda chumbani kwangu, nikafungua sanduku, nikatoa madaftari yangu ya chuoni. Mambo ya mbali niliyokuwa nayo yalikuwa historia, na katika historia mahali nilipopata alama nzuri ni pale Wazungu walipoanza kugombania bahari na kujenga makoloni yao ya mwanzo. Basi nikawapelekea hayo.

Lazima nieleze kidogo kuhusu watu watatu. Katekista alikuwa mrefu, shingo ndefu, na sauti ya kusomea somo la kwanza kanisani hata anapoomba maji ya kunywa. Jirani yake alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mfupi, mpana, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya, mtu ambaye hakukubali kupitwa na katekista hata kwa kupiga chafya. Mmoja alipoezeka nyumba kwa bati, mwenzake aliuza ng'ombe naye akaezeka. Mmoja aliponunua redio, mwenzake alinunua yenye waya mrefu zaidi. Betri hazikuwepo nchini, kwa hiyo redio zote mbili zilikaa kimya mezani zikitazamana kupitia madirisha.

Nasema zikitazamana, lakini kati ya vibanja vyao, yaani mashamba ya migomba yenye nyumba ndani, kulikuwa na kibanja cha tatu, cha mama mmoja mjane. Mama huyu alivuka mto Kagera kutoka Rwanda akiwa ameolewa karibuni, katika ile miaka ambayo watu walikuwa wakivuka kwa makundi na mikeka kichwani. Mume wake alipewa kibanja hicho na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, wa enzi hizo, wakapanda migomba, wakazaa, kisha akamzika huyo mume hapo hapo nyuma ya nyumba. Darasani alikaa karibu na mlango, akisuka vikapu huku akisikiliza. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Nikimwita ubaoni anaandika vizuri, herufi za mviringo, kisha anarudi kwenye kikapu chake.

Ramani hatukuwa nayo. Nje ya banda kulikuwa na uwanja wa kuanikia kahawa, nikachora dunia pale chini kwa jivu. Ulaya ilikaa karibu na ngazi, Afrika ikaenda hadi kwenye mti wa mruzinga, na bahari ya Atlantiki ikapita chini ya mikeka ya kahawa ya kijiji. Nikawaonyesha Ureno.

"Hiki tu?" akauliza mzee wa kanisa.

"Hiki tu."

"Mbona ni kama Igurwa."

Wakacheka, wakinitazama mimi wa Igurwa. Nikawaambia kuwa hao wa hiki tu ndio waliotangulia kuizunguka Afrika, wakafika Kilwa na Mombasa, wakapita hadi Bara Hindi na visiwa vya mbali vya karafuu na kungumanga. Kila walipotia nanga walisimamisha nguzo ya jiwe na msalaba, wakajenga ngome, wakasema hapa ni petu.

"Walitafuta nini huko?" akauliza mama mmoja.

"Viungo. Pilipili manga, karafuu."

"Vya kutia kwenye mchuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wamezunguka dunia kwa ajili ya mchuzi," akasema. Sisi tulikuwa tunakula ndizi na maharage, na chumvi yenyewe miaka ile ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Jambo lile liliwashangaza kuliko meli na mizinga.

Siku iliyofuata nilifika kwenye mstari. Wareno na Wahispania walikuwa wakishindana, kila mmoja akihofia mwenzake atafika kwanza kwenye ardhi mpya, mpaka Papa wa Roma akachora mstari juu ya ramani, upande huu wa huyu, upande ule wa yule. Baadaye wafalme wenyewe wakakaa wakausogeza. Nikachukua fimbo nikapasua bahari ya Atlantiki, nikiikwepa mikeka ya kahawa.

Mzee wa kanisa alisimama. Niliona kabisa kwamba anafurahi.

"Kwa hiyo Papa aligawa mashamba ya watu ambao hajawahi kuwaona."

Katekista hakugeuka. "Alikuwa anapatanisha. Wangeuana."

"Anapatanisha kwa mali ya nani?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini mwalimu kasema."

Macho yote yakaja kwangu. Baba yangu alikuwa Mlutheri, mama yangu alizaliwa Mkatoliki, na nilikwisha kujifunza tangu utotoni kwamba katika mambo haya jibu zuri ni kugonga kengele. Nikagonga kengele. Lakini katekista alinifuata hadi njiani, akitembea kwa hatua zake ndefu pembeni yangu.

"Mwalimu, nikuulize. Hao Waprotestanti, wakati huo wao walikuwa wapi? Walikuwa wanasali tu?"

"Hapana, baba. Kesho kutwa tutawafikia."

Kesho kutwa tukawafikia. Waholanzi waliwafukuza Wareno kwenye visiwa vile vya karafuu na kungumanga na kushika biashara yote peke yao, watu wa kule wakiuawa na kuhamishwa ili mashamba yabaki. Walijenga kituo kwenye rasi ya kusini mwa Afrika, kwanza eti ni bustani ya mboga za mabaharia, na bustani ile haikuacha kupanuka. Waingereza wakafuata, Wafaransa nao, kila mmoja akisema akichelewa mwenzake atachukua. Katekista alisikiliza yote mikono ikiwa kifuani. Nilipomaliza alisema tu, "Ahsante mwalimu," akatoka nje akitabasamu, na mzee wa kanisa akabaki anachambua kucha zake.

Ndipo ukaja ujumbe kwamba ofisa wa elimu ya watu wazima atakuja kutoka wilayani kutembelea madarasa. Vijiji vingine viliandaa ngonjera za kilimo. Wangu walisema ngonjera hawataki, wanataka mchezo wa kuigiza, na mchezo wenyewe uwe wa Wazungu wakigombania kisiwa.

Kugawa nafasi kulitaka moyo. Katekista alikubali mara moja kuwa nahodha Mreno. Nilimwomba mzee wa kanisa awe Mhispania.

"Mhispania ni dini gani?"

"Mkatoliki, baba."

"Basi siwezi. Hata kwa kuigiza."

Akawa Mholanzi, na kwa kweli hilo lilitupa mchezo mzuri zaidi, maana tulikuwa na Mreno aliyefika kwanza na Mholanzi anayekuja kumtoa. Mabaharia walipatikana bila shida. Wenyeji wa kisiwa hakuna aliyetaka kuwa. Wanaume walisema hawawezi kushindwa mbele ya wake zao. Ndipo mama mjane akasema kutoka mlangoni, bila kuacha kusuka:

"Mimi nitakaa kisiwani."

Mama wawili wengine wakajiunga naye kwa sababu yake. Maneno yake niliyaandika mafupi. Mreno akija, aseme, "Karibuni wageni, kisiwa chetu kina karafuu." Mholanzi akishashinda na kumwamuru aondoke, aseme, "Tunakwenda, hatuna nguvu." Alisoma kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye kikapu.

"Na hawa watu kweli walikwenda wapi?" akaniuliza.

"Baadhi waliuawa, mama. Baadhi walikimbilia visiwa vingine. Waliobaki wakawa vibarua kwenye mashamba yao wenyewe."

"Haya," akasema.

Meli zilitusumbua kwa muda hadi mzee wa kanisa alipoleta obwato wake. Obwato ni ule mtumbwi wa mti mzima uliochongwa, unaotumika kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu. Mtu mzima anaweza kulala humo, na baadhi yao hulala. Akauweka uwanjani, akaingia, akasimama, akawa nahodha. Kesho yake katekista akaleta wa kwake, mrefu zaidi. Mzee wa kanisa akaenda akaazima mwingine kwa shemeji yake kijiji cha Songambele, ukaja umebebwa na vijana wanne mlima hadi mlima. Nikawasihi waishie hapo. Mke wa katekista alikuja shuleni kunilalamikia kwamba ndizi zake zimeiva zinaoza kwenye shimo, arusi ya mpwa wake inakaribia, na chombo cha kukamulia kimekuwa meli.

"Mama, nivumilie kidogo."

"Mimi navumilia," akasema. "Ndizi ndizo hazivumilii."

Mazoezi yalikwenda vizuri. Mama mjane alisema maneno yake kama yalivyoandikwa, kwa sauti ndogo, halafu anakusanya mkeka wake na kuondoka pembeni. Sikuona chochote. Nilikuwa nahangaika na mabaharia waliokuwa wakipigana kwa mabua ya mtama kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa.

Siku yenyewe watu walikuja wengi mno. Ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha alfajiri na kukatika, uwanja unang'aa. Ofisa alikuwa mtu mpole mwenye suti ya Kaunda, mgeni kabisa wa huku, Kiswahili chake cha pwani kikipita juu ya vichwa vya wazee kama ndege. Tulimkalisha kwenye kiti cha kanisa la Kilutheri, na miguu yake ikawekwa juu ya mkeka wa kanisa Katoliki, ili pasiwe na neno.

Mama mjane na wenzake walikaa kisiwani, yaani katikati ya uwanja, wamezungukwa na majani ya migomba. Mreno akaingia. Mabaharia wanne waliubeba obwato huku yeye amesimama ndani, kofia ya magome ya mgomba kichwani, shingo yake ndefu ikifanya kazi ya mlingoti. Watu wakashangilia. Akashuka, akachomeka bendera ya kitenge, akatangaza kwa sauti ya somo la kwanza kwamba kisiwa hiki ni cha mfalme wa Ureno.

"Karibuni wageni," akasema mama. "Kisiwa chetu kina karafuu."

Akampa kikapu. Kisha Mholanzi akaja kutoka upande wa zahanati, na chombo chake kilikuwa kizito kuliko mabaharia wake, kikawa kinayumba, naye ndani anayumba nacho akiimba sauti ya nne ya wimbo wa kanisa. Mapigano yakafuata. Mabua yakavunjika, ofisa akawa anajifuta machozi ya kicheko. Mreno akashindwa kwa shingo upande, bendera yake ikang'olewa, ikachomekwa nyingine. Mholanzi akaweka mikono kiunoni akamgeukia mama.

"Sasa ninyi ondokeni. Kisiwa ni chetu."

Mama hakusimama. Alikuwa amekaa miguu imenyooshwa mbele, anatazama ile bendera.

"Siondoki," akasema.

Mholanzi akadhani amesahau. Akainama, akamnong'oneza ili asikike yeye tu, lakini mwimbaji wa sauti ya nne hana mnong'ono. "Sema, tunakwenda, hatuna nguvu."

"Nimesikia. Siondoki." Sasa akasimama, na sauti yake haikuwa ile ndogo ya mazoezini. "Niondoke niende wapi? Mreno huyu hapa, kulia kwangu. Nilipokwenda kumuuguza binti yangu Songambele, niliporudi nilikuta miramura ya mpaka imetembea usiku, imeingia kwenye migomba yangu. Nilidhani nimepotea njia."

Miramura ni mimea tunayoipanda kwenye mipaka ya vibanja, na huku kwetu kuing'oa si jambo la mzaha. Hata watoto wanaijua na kuiogopa. Hakuna mtu pale aliyehitaji kuambiwa kwamba hatuko tena kwenye visiwa vya kungumanga. Isipokuwa ofisa, ambaye alikuwa amesogea mbele kwenye kiti kwa hamu.

"Na wewe Mholanzi," mama akaendelea, "wewe ulikuwa umetulia. Ulipoona mwenzako kapata, ukasema usipitwe. Ukaja na wewe upande wa kushoto, ukapanda kahawa. Mimi nimebaki na njia ya kupita mbuzi."

Katekista alikuwa bado na kofia ya magome kichwani. Alijaribu kuokoa mchezo, nadhani, au kujiokoa. "Sisi Wareno," akasema, "tulifika kwa amani."

"Amani gani hiyo imeota migomba?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Mzee wa kanisa akasogea karibu na mama. "Mama, hayo ni ya kikao cha kijiji. Si ya hapa."

"Kwenye kikao nilisema. Mkasema mimi mtu wa kuja, mipaka ya hapa siijui. Haya, leo mmenipa kisiwa. Mwalimu kaandika kwenye karatasi kwamba mwenyeji ni mimi. Kwa hiyo leo nasema."

Akakaa chini tena, akavuta kanga yake vizuri magotini.

Sijui nilikuwa najisikiaje. Nilikuwa natafuta kengele, na kengele ilikuwa ofisini. Ofisa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alipiga kwa moyo, akisimama, na kwa kuwa mgeni amesimama ilibidi wote wasimame, na watu walipoanza kupiga makofi waligundua kwamba wana mengi ya kupiga. Kina mama walipiga vigelegele. Wale wawili wakabaki katikati ya uwanja na mabua yao, pembeni ya vyombo vya kukamulia ndizi.

"Mchezo mzuri sana," akasema ofisa makofi yalipotulia. "Nimeona ngonjera nyingi, lakini hapa mmenigusa. Sasa nataka kuona mwisho wake. Hawa Wazungu, wanafanyaje?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Akakaa, akasubiri. Na watu wote wakasubiri.

Nilimtazama katekista, naye alikuwa anamtazama mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa anamtazama mke wake, aliyekuwa kwenye safu ya kina mama amefumba mdomo kwa namna ambayo wanaume wote waliooa wanaijua. Nadhani ndiyo iliyomsukuma. Akakohoa.

"Uholanzi," akasema, "inarudi nyuma. Mpaka ulipokuwa."

Ukapita mnong'ono mkubwa. Na hapo niliwaona majirani wale wawili kama walivyokuwa siku zote. Katekista hakuweza kuvumilia kwamba Mlutheri amemtangulia kufanya jambo jema mbele ya mgeni wa wilaya. Alivua kofia ya magome.

"Ureno inarudi pia," akasema kwa sauti ya somo la kwanza. "Na Ureno itapanda miramura yenyewe, kwa mikono yake."

"Na Uholanzi itapanda kwa mikono yake," akasema mwenzake haraka.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye busara ya kujua nafasi inapopita, akasimama papo hapo akasema Jumatatu asubuhi yeye na wazee watakuwepo kushuhudia. Ofisa akampongeza kwa kuigiza vizuri. Nilimsindikiza hadi kwenye Landrover yake, akanisifu njia nzima kwa maandishi yangu, hasa mwisho. Nikamshukuru.

Jumatatu walikwenda kweli. Nami nilikwenda baada ya vipindi, kwa kisingizio cha kuchukua bendera zangu za vitenge. Upande wa katekista kazi ilikuwa safi. Visiki vya miramura ya zamani vilikuwa bado ardhini, hakuna wa kubishana navyo. Alichimba mwenyewe, jasho likimtoka, mke wake amesimama juu yake akimwelekeza. Ilibaki migomba aliyokuwa ameipanda ndani, imekwisha kuzaa mikungu. Akauliza kama aing'oe.

"Iache," mama akasema. "Mgomba una kosa gani?"

Upande wa mzee wa kanisa mambo yalikuwa marefu zaidi. Yeye alikumbuka mpaka ulipita kwenye kichuguu, na kichuguu kilikuwa kimoja, lakini alidai kwamba mchwa walikihamisha. Wazee walicheka, yeye hakucheka. Wakasukumana hadi jua likawa kali, mama akaona amechoka kuwasimamia, akasema, "Haya, panda hapo." Kwa hiyo upande ule haukurudi wote. Ulirudi sehemu kubwa, na kahawa ya msimu ule walichuma pamoja. Nilimuuliza baadaye kama anaridhika. Akasema binadamu haridhiki, lakini mbuzi wake sasa wanapita wawili wawili.

Kitu kilichobadilika sana kilikuwa darasani. Mama mjane alihama kutoka mlangoni akakaa mbele. Akawa anauliza maswali, mengi, na mengine yalinifanya nirudi kwenye madaftari usiku mzima kwa kibatari. Alitaka kujua wale wa rasi ya kusini walijibu nini walipoona bustani ya mboga inapanuka. Alitaka kujua kama wafalme wale wawili waliwahi kwenda kuuona mstari wao. Kikapu alikuwa bado anasuka, ila sasa kilikuwa kinachelewa kwisha.

Tuliombwa kuuigiza mchezo ule kwenye vijiji vingine, hata Igurwa nyumbani kwetu, ambako baba yangu alikaa safu ya mbele na kumuuliza kila aliyepita kama anajua nani ameuandika. Mwisho tuliuacha kama ulivyotokea. Katekista alizoea kuvua kofia kwa madaha, na mzee wa kanisa akaongeza ubeti. Mama kila mahali alisema maneno tofauti. Wenzake hawakujua kamwe atawaambia nini, na kwa kweli walikuwa wakimwogopa kidogo pale jukwaani, kila wakati wakitulia kama watu waliobanwa na kinyozi.

Niliolewa nikahamia Songambele, nikafundisha huko, watoto wakaja. Kimuli nilirudi miaka ya tisini, wakati barabara zetu zilipokuwa zimejaa wakimbizi wapya, na kila nyumba ina mgeni au imetoka kuwa naye. Katekista alikuwa amefariki. Mama nilimkuta ukumbini kwake, amezeeka, miwani puani, na wageni wawili wa kutoka ng'ambo ya mto wakimenya ndizi nyuma ya nyumba. Mzee wa kanisa naye alikuwepo, amefiwa na mke, amekaa kwenye kigoda anasubiri chakula cha mchana kana kwamba ni kwake.

"Anakula hapa kila siku?" nikamuuliza mama jikoni.

"Kila siku ila Jumapili. Jumapili anakula kanisani."

"Shikamoo mwalimu," mzee akaniita kutoka ukumbini, kwa mzaha. "Njoo utuamue. Huyu anasema wanawe wakirudi Rwanda, naye ataenda. Mimi namwambia hawezi kuniacha hapa na miguu hii."

"Sijasema nitaenda," mama akajibu akipakua. "Nimesema nitaenda kutazama. Kutazama na kwenda ni vitu viwili."

"Utatazama utabaki."

"Kula kwanza."

Akatuwekea ndizi na maharage, na samaki mkavu mmoja aliyegawanywa vipande vitatu. Mvua ikaanza kupiga bati. Hatukuweza kusikilizana tena, basi tukala, wageni wakaja nao kutoka nyuma wakakaa, mama akasogeza sahani ili nao wafikie.